Kofia ya Jaji Tollefsen

Baba mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi, na Mama azipokee pia, maana najua ndiye anayekusomea barua hii mpaka daktari atakapokuruhusu kuyatumia macho yako. Jicho linaendeleaje? Natumaini umeacha kulifikicha, na kwamba hujatoroka kwenda kuvua samaki kwenye barafu kwa kisingizio cha kupunga hewa. Sisi huku mjini hatujambo. Theluji imewahi, gari langu linagoma asubuhi, na Ijumaa hizi zote nimekula samaki wa kukaanga kanisani hadi koti langu linanuka mafuta. Mama, soma polepole, tafadhali, na usiruke kitu, hata ukifika mahali utakapotaka kuruka.

Desemba ndiyo hii, na kama kawaida mawakili wa jimbo zima wamekumbuka ghafla kwamba hawajatimiza saa za masomo wanazodaiwa kila mwaka. Gordy Lindahl wa chama chetu cha mawakili anasema simu yake haipumui. Wale wale waliokuwa wakisema semina ya sheria za idara za serikali inaweza kumlaza ng'ombe akiwa amesimama, sasa wanagombania nafasi. Wanakuulizia, Baba. Wanaikumbuka kofia yako hapo mstari wa mbele: jinsi unavyoiweka gotini, na mzungumzaji akichemsha unaivaa kama mtu anayetaka kuondoka, ukumbi unacheka, naye maskini anarudi kujisahihisha.

Mwaka huu mzungumzaji ni mimi. Gordy amenipa mada yako, ile ya mambo mapya katika sheria za idara. Nilimwambia atafute mtu mwingine. Akaniambia niache maringo, kwamba watu wakimwona mgeni akiizungumza mada ya Tollefsen watamrushia vikombe vya kahawa. Halafu akashusha sauti akaniuliza, "Lakini mzee anajua?" Nikamjibu kwamba bado. Akasema basi heri uyasikie kwangu kuliko uyasikie umekaa mbele za watu, tena jicho bado limefungwa.

Kwa hiyo nakuambia, Baba. Kanuni yako imeondolewa. Mahakama Kuu ya jimbo ilitoa hukumu wiki iliyopita, ikaifuta ile uliyoiandika ulipokuwa jaji kwenye benchi hilo hilo. Tangu sasa, sheria ikibishaniwa maana yake, jaji ataisoma mwenyewe. Halazimiki tena kuipokea tafsiri ya idara kwa sababu tu ina mantiki. Wenzako wa karata wanajua. Ndiyo maana walipokuja Alhamisi walizungumza mpira mtindo mmoja, nawe ukamwambia Mama kwamba wamezeeka vibaya.

Najua kwa nini uliiandika. Umetuambia mara nyingi: jaji hajui maziwa, mkaguzi wa maziwa anayajua, na ni kiburi kwa mtu mwenye joho kumfundisha kazi mtu mwenye gambuti. Hukumu mpya haikulipuuza hilo. Imesema majaji waendelee kuuheshimu ujuzi wa idara katika mambo ya ujuzi. Maana ya maneno ya sheria tu ndiyo wameichukua mikononi mwao. Nitalisema hilo waziwazi kwenye semina Ijumaa, mtu asije akadhani ulikuwa umepotea miaka yote hiyo.

Kesi yenyewe ni ya Verna Zastrow, yule mama wa jibini unayoisifu kila Krismasi. Bibi yake alikuwa akikomaza jibini juu ya rafu za mbao, mama yake vilevile, naye vilevile. Sheria inataka rafu ziwe za kusafishika. Mkaguzi mpya akaja akasema mbao hazisafishiki, basi afunge. Vipimo vyao wenyewe havikuwahi kukuta mdudu wa ugonjwa hata mmoja katika jibini yake. Lakini idara ilikuwa imeshaamua neno lile lina maana gani, na kwa kanuni yako ilitosha.

Nilikuwepo siku jaji wa mahakama ya chini alipomhukumu. Alimtazama Verna kwa huruma, akasema kama angekuwa huru kuisoma sheria mwenyewe, angempa haki, ila mikono yake imefungwa. Tukatoka nje kwenye ubaridi. Verna hakulia wala hakutukana, na unajua anavyojua kutukana. Alinigeukia tu. "Hebu nieleze, mwanangu. Jaji anasema nina haki. Sasa aliyenihukumu ni nani?"

Nilijua jina la kumtajia, na lilikuwa jina langu pia.

Tukakata rufaa. Mwenzangu wa ofisini, Pakou Vang, ndiye aliyesimama mahakamani, nawe ulisikiliza redioni. Nakumbuka ulinipigia jioni ile ile ukiwa umechangamka kama kijana. Ulisema msichana yule ana ulimi, ila hoja za maandishi alizokuwa akizitegemea zimeandikwa na mtu mwenye kichwa, kichwa kilichopotea njia lakini kichwa kweli. Ukaniuliza nani alimsaidia. Nikakuambia Pakou ni mchapakazi sana. Nikabadilisha mazungumzo, nikakuuliza habari za samaki.

Mama, hapa ndipo ninapokuomba usiruke.

Aliyeziandika ni mimi. Kila ukurasa. Pakou alitaka jina langu litangulie, nikamkatalia. Akanikasirikia, akasema nafanya mambo ya mtoto aliyevunja dirisha akajificha chini ya kitanda, na kwamba wewe mwenyewe utajua tu, kwa sababu naandika kama wewe. Nilimwambia nakulinda. Si kweli. Nilikuwa najilinda mimi. Niliogopa uso wako, Baba. Nina mvi kichwani na bado nauogopa.

Wala hoja yenyewe sikuitoa vitabuni. Niliitoa mezani kwetu. Nilipokuwa mdogo nikija kukushtakia kwamba mwalimu kasema hivi au kocha kasema vile, ulikuwa unaweka uma chini na kuniambia, "Usiniambie kasema nani. Nionyeshe palipoandikwa, tusome wote." Nimewaandikia majaji maneno hayo hayo, nikayavalisha suti tu. Wewe ndiye uliyenifundisha kukushinda, na sijui nikushukuru au nikuombe radhi. Nafanya yote mawili.

Verna amefungua tena chumba chake cha kukomazia jibini. Anasema Krismasi hii jibini yako ipo, na kwamba hana kinyongo na mzee yeyote anayejua chakula kizuri. Mpe pole Mama kwa kusoma kurasa zote hizi. Mwambie apumzishe sauti, na asikukubalie ukimwambia jicho limepona. Msalimie na jirani anayewasafishia theluji.

Gordy amekuwekea nafasi yako ileile Ijumaa, na Mama anaweza kukushika mkono mpaka mstari wa mbele. Nitaanza kwa kusema ni nani aliyeziandika hoja zile. Njoo na kofia yako, Baba. Nikichemsha, ivae. Ukitaka, ingia ukiwa umeshaivaa, na usiivue mpaka nimalize, watu wacheke wanavyotaka. Nitaweza kuzungumza mbele ya kofia hiyo. Mbele ya kiti kitupu sitaweza.

Ni mimi binti yako akupendaye,
Karin