Barua Zilizo Kwenye Damu ya Mama Minza

Jumatatu, 15 Julai 2024

Baridi ya Milanzi leo inakata masikio. Nimewatoa damu wagonjwa wanne wa utafiti wetu wa saratani. Wa mwisho Mama Minza, Msukuma, mfugaji, katoka Mwazye. Ana uvimbe titi la kushoto. Upasuaji Ijumaa. Dokta Zephania, mkuu wa utafiti, anataka damu ya kabla ya kukatwa — ya baada ya hapo haitufai.

Mama akaniuliza mnatafuta nini humo. Nikajifanya mwalimu! Seli za uvimbe zinaandikiana barua ndogondogo, nikamwambia, zinaitwa mikroRNA. Zinafungwa kwenye vipovu, zinapelekwa kwa majirani: wewe mlinzi lala, wewe fungua njia ya damu. Sisi tunazisoma.

Akacheka mpaka akakohoa. Yaani wananisengenya ndani ya mwili wangu mwenyewe! Akaweka dole gumba kwenye fomu ya utafiti.

Jumanne, 16 Julai

Jana sikuandika yote. Aibu.

Nilipoizungusha damu yake kwenye mashine, maji ya juu yalitoka pinki. Yanatakiwa njano. Kosa langu — nilikuwa nawahi kula, nikaisukuma damu kwa nguvu kwenye chupa. Chembe nyekundu zimepasuka, zimemwaga barua zao zenyewe. Sasa hujui nani kaandika nini. Haraka haraka haina baraka, na mimi ndiye ninayewaimbia wanafunzi hivyo!

Chupa nimeificha nyuma kabisa ya friza. Kila nikipita nafungua friza kuangalia. Bado pinki, ingekuwaje?

Jumatano, 17 Julai

Nimemwambia Dokta. Hakufoka — heri angefoka. Kasema nimtoe Mama Minza nyingine kesho akija kulazwa, na nimweleze kwa nini. Halafu: ulimwambia kuwa huu ni utafiti tu, majibu hayarudi kwake?

Nikasema iko kwenye fomu. Iko, ukurasa wa tatu. Mama Minza hajui kusoma, mimi ndiye niliyemsomea, na ukurasa wa tatu niliukimbiza.

Nimepiga deki maabara mara mbili. Roho haitulii.

Alhamisi, 18 Julai

Amekuja. Kabla ya wodi kapitia kwangu na kidumu cha maziwa mgando, ya msomaji wa barua zake, anasema. Nimesema shikamoo.

“Marahaba mwanangu. Wanasemaje? Maana kama wameshaandika mpaka kwenye mapafu, kesho sikatwi. Narudi kwa ng'ombe wangu.”

Nikamwambia damu ya kwanza niliiharibu mimi, naomba nyingine. Hilo nilisema. Lile la ukurasa wa tatu sikulisema. Akanitazama, akakunja mkono wa sweta mwenyewe.

“Chukua. Nangoja hapo nje usome.”

Nimeizungusha. Njano safi — sijawahi kupata nzuri hivi! Nimeishika sijui niicheke au niilie.

Saa tisa sasa. Namwona dirishani, yuko kwenye benchi, fomu ya upasuaji mapajani, haina dole. Nesi kamfuata mara mbili na pedi ya wino. Anamjibu subiri, binti yangu yumo ndani anasoma.