Kiti cha Mbele cha Gari la Mthetho

Mtaa wa Sita,
Mdantsane,
Rasi ya Mashariki,
Afrika Kusini.

Tarehe 14 Septemba, 2022

Mpendwa mdogo wangu Pumeza,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu mimi dada yako. Hujambo huko Ayalandi? Baridi imeshaanza kuuma, au bado inawabembeleza? Wagonjwa wako wanakutii? Na watoto je, wanakula vizuri, na yule mdogo ameacha kunyonya kidole? Sisi huku tu wazima wa mwili. Magoti yangu yanalalamika asubuhi, lakini yalilalamika hata nilipokuwa na kazi, kwa hiyo siyahesabu kama ugonjwa.

Nimeamua kukuandikia kwa karatasi kwa sababu kwenye simu kila nikianza kukueleza tunalia sote wawili mpaka salio linakwisha. Najua kuna swali umeshindwa kuniuliza tangu msiba. Unataka kujua kwa nini shemeji yako alifia Mdantsane wakati kila mtu alijua alitaka kwenda kwao Centane, na kwa nini sikukuomba nauli. Nitakujibu, ila univumilie nianzie kwenye mananasi.

Unakumbuka kiwanda cha mananasi kilifungwa karibu na Krismasi. Wanawake wote wa meza ya kumenya tulitoka getini na aproni zetu mkononi, na wengi walilia. Mimi sikulia. Miaka yote ile kila mshahara wangu ulikatwa kidogo kwa ajili ya mfuko wa wanaopoteza kazi, basi nikasema haya, zamu yangu ya kula jasho langu imefika. Kumbe nilikuwa najidanganya mchana kweupe.

Wakati huo mume wangu Mzwabantu alikuwa ameshalala kitandani. Sehemu kubwa ya mapafu yake ilibaki mgodini, hayo unayajua. Hospitali waliniambia nimrudishe nyumbani, hakuna walichobakiza cha kufanya. Yeye akasema sawa, lakini nyumbani ni kwa mama yake, siyo hapa. Alitaka kuliona zizi la baba yake kwa macho yake mwenyewe, basi. Hakuomba kingine.

Kwa basi asingeweza, hata kuketi alikuwa hawezi. Tukamwona jirani yetu Mthetho, yule mwenye gari refu ambalo kiti chake cha mbele hulala chini kabisa. Akakubali kumpeleka siku yoyote tutakayosema. Bei yake ilikuwa ya haki, maana njia ile baada ya Mto Kei inavunja magari. Ikabaki pesa ya mfuko tu. Nilitaka kukupigia wewe, Pumeza. Nilikuwa nimeshashika simu, shemeji yako akanishika mkono, akaniita kwa jina la ukoo wetu.

"MaMpinga, usimsumbue mtoto wa watu, naye ana mzigo wake. Wewe umekatwa miaka mingapi? Mimi nataka kwenda kwetu kwa jasho la mke wangu."

Nikamsikiliza, kwa sababu kila mara ofisi ilisema ni wiki ijayo. Hakuna aliyetuambia tusubiri miezi. Wangesema hivyo, ningekupigia siku ileile, hata kama angenuna.

Siku ya kwanza nilipofika ofisi ya kazi, foleni ilikuwa imeshazunguka jengo. Watu wamekuja na viti vyao, na blanketi, na chai kwenye chupa, utadhani wamehamia. Jua lilipokuwa limepanda, mlinzi akatoka kutuambia mtandao umelala, turudi kesho. Kesho yake umeme ukakatika. Mzee mmoja nyuma yangu akasema ofisi hii inaumwa kuliko sisi, tuichangie nayo iende hospitali. Tukacheka. Foleni ile ilinifundisha kucheka na watu nisiowajua.

Nilipofika dirishani hatimaye, binti wa pale akaniambia niweke kidole gumba kwenye mashine ya kusoma alama. Taa nyekundu. Nikaweka cha pili, nikaweka vyote, mkono wa kulia na wa kushoto. Nyekundu tupu.

"Mama, mashine haikuoni."

"Wewe unaniona?"

"Mimi nakuona, Mama. Ila siyo mimi ninayelipa."

Akanishika mkono, akaugeuza. Vidole vyangu vilikuwa laini kama kijiko. Maji ya nanasi yanakula ngozi, Pumeza, na glavu zilikuwa zikipasuka unasubiri nyingine mpaka mwezi upinduke. Tulijua alama zinafutika, hata tulitaniana. Hatukujua kwamba siku moja tutaulizwa zilipo. Meza yetu nzima ilikataliwa na mashine ile. Nofezile, yule rafiki yangu mnene aliyekuwa akimenya upande wa pili wa meza, akasema kwa sauti foleni yote isikie: "Shoga, kumbe miaka yote hii tungeweza kuiba benki na polisi wasituone! Tumepoteza muda kwenye mananasi."

Binti wa dirishani hakuwa na roho mbaya. Alinielekeza vizuri kabisa. Nipumzishe mikono, nisishike maji wala sabuni kwa wiki kadhaa, alama zitarudi zenyewe. Nikamwuliza, na mgonjwa wangu nimwogeshe kwa miguu? Akavuta droo. Akanijazia karatasi ya watu kama sisi, inayokwenda ofisi kubwa kutiwa sahihi, na kila nilipoiulizia niliambiwa iko njiani. Karatasi yangu ilijaliwa kusafiri, mume wangu hakujaliwa.

Ningepumzisha mikono vipi? Mchana nilikuwa nafua nguo za walimu wa Mtaa wa Pili ili tupate mkate. Jioni namwogesha yeye na kufua mashuka yake. Ili nilipwe kwa kukosa kazi, ilibidi niache kufanya kazi, na nikiacha kazi tunalala njaa. Nilimweleza binti yule jambo hilo, akasema, "Naelewa, Mama." Nimechoka kueleweka, mdogo wangu.

Shemeji yako aliligeuza kuwa mchezo wake. Kila nikirudi ananiambia nilete kidole. Anakishika, anakisogeza dirishani penye mwanga, anakitazama kwa jicho moja kama fundi saa. "Naam, naona barabara moja inaanza hapa. Hii inakwenda Centane." Hakuna kitu, Pumeza, kidole kitupu. Nami namwambia ndiyo, hata mimi naiona. Mafuta ya mgando mikononi nilimwachia anipake yeye mwenyewe, maana ndiyo kazi aliyokuwa bado anaiweza.

Alifariki mwezi wa Mei, siku ya Jumanne, asubuhi. Mimi nilikuwa kwenye foleni. Mke wa Mthetho ndiye aliyekuwa naye. Aliniambia kwamba mgonjwa alimwomba amgeuze aelekee mlangoni, akauliza kama gari limefika, akanyamaza. Sijui nikuambieje zaidi ya hapo. Nilifika nikamkuta bado ana joto.

Sasa sikiliza kinachonichoma mpaka leo. Chama cha mazishi nilikipigia simu, na kabla chai ya waombolezaji haijapoa, gari jeusi limefika mlangoni, lina pazia, lina dereva amevaa tai. Hakuna aliyeniuliza kidole. Walimpeleka Centane bila kusimama, gari limeteleza kama liko kwenye zulia. Kumpeleka maiti kila kitu kilikuwa tayari, Pumeza. Kumpeleka akiwa hai ndiko kulikokosa mtu wa kukubali. Nilikasirika mpaka nikaogopa hasira yangu.

Baada ya mazishi mama mkwe wangu, Mama Nontombi, alinikalisha kwenye godoro kwa desturi ya zamani, siyo hii ya siku hizi ya kuharakisha. Alisema mjane haoshi sahani, hashiki ufagio, hachoti maji. Wanawake wa kijijini walipika, wakafua, waliniletea mahindi na maharage na mkate wa mvuke, hata chai walinitilia sukari. Nilikaa mwezi mzima na zaidi mikono imelala mapajani. Sikuwa nafikiria chochote. Siku moja nikawa namenya yai la kuchemsha, nikaona kitu kwenye kidole gumba. Mistari. Midogo, imejizungusha vizuri, kama ya mtoto mchanga.

Nilipiga ukelele, mama mkwe akaja mbio akidhani nimeumwa na mdudu. Nikamwonyesha. Akakaa chini pale kwenye godoro, akakishika kidole changu, tukalia hadi majirani wakaja.

Nilirudi ofisini nimevaa nguo nyeusi za ujane. Watu hawapendi kusimama karibu na mjane, foleni ikanipisha yenyewe, na Nofezile, ambaye karatasi yake nayo ilikuwa bado inasafiri, akanisukuma mbele kwa nguvu zake zote. Nikaweka kidole. Taa ya kijani. Binti wa dirishani akaruka kwenye kiti. "Imekubali, Mama! Imekubali!" Watu wakapiga makofi. Machozi yakanitoka, wakadhani ni furaha, nami sikuwasahihisha. Yule binti akayaona mavazi yangu, akaacha kucheka. Akaniuliza ni mgonjwa wangu yule? Nikasema ndiye.

Pesa iliingia mwezi wa Julai. Ilikaa benki, sikuigusa. Nilikula kabichi na pesa ipo. Kisha Mama Nontombi akanipigia, akasema kila akilala anamwona mwanawe amesimama getini kwangu Mdantsane, begi mkononi, anasubiri. Lile gari jeusi lilibeba mwili kwa haraka, hakuna aliyekuja kuichukua roho yake. Nikajua la kufanya.

Shemeji Zolile, kaka mkubwa wa marehemu, alikuja na tawi la mti wa mphafa la kubebea roho, kama wazee wanavyoagiza. Tukasimama chumbani, pale kitandani pake, akamwita kwa jina la ukoo: "Gatyeni, inuka, twende nyumbani. Gari limefika." Tukatoka. Mthetho alikuwa anasubiri nje, na hakuna aliyemwambia kitu, naapa. Alikuwa ameshakilaza kiti cha mbele chini kabisa, ametandika blanketi, ameweka na mto.

Tukalilaza tawi pale. Mimi na Zolile tukakaa nyuma. Zolile alikuwa akimwambia njia yote: hapa tunatoka Mdantsane, hapa ni daraja, sasa tunavuka Kei, Gatyeni, jishikilie, barabara inaanza kuwa mbaya. Na Mthetho aliendesha polepole mno, akikwepa kila shimo, kama mtu aliyebeba mgonjwa. Tulipofika alikataa pesa. Nikamwambia hapana, Mthetho, chukua. Abiria wako alitaka kulipiwa na mkewe.

Mama Nontombi alikuwa amesimama kwenye lango la zizi. Alilipokea tawi kwa mikono miwili, akaliambia, "Umechelewa, mwanangu." Akaingia nalo ndani ya zizi.

Basi hilo ndilo jibu la swali lako. Usijilaumu kwa nauli ile, nami najitahidi nisijilaumu. Sasa nimerudi kwenye kufua nguo za walimu. Kila mwezi ofisi inataka niweke kidole tena kuthibitisha sina kazi, na juzi mashine imenikataa. Binti akaniambia nipumzishe mikono. Nikamshukuru, nikarudi nyumbani kuloweka mashuka.

Nisalimie shemeji Fergal na watoto, uwabusu kila mmoja kwa zamu wasigombane. Nofezile anakusalimu, anasema bado anasubiri umtafutie mzee wa Kiayalandi mwenye nyumba. Mthetho na mkewe wanakusalimu. Mama Nontombi anakusalimu sana, anasema siku hizi analala, hamwoni tena mtu getini. Mungu na wahenga wetu wakutunze huko ugenini, na siku utakayotaka kuja nyumbani, usisubiri wiki ijayo.

Ni mimi dada yako nikupendaye kwa moyo wote,

Nosiphiwo