Paka wa Mama na Safari ya Kuja Kwako

Nyumbani, chumba cha nyuma
Jumapili, 14 Juni

Mpendwa Kaka,

Salamu nyingi kutoka kwa mdogo wako, kitinda mimba msumbufu. U hali gani huko? Kile kifua kimeachia? Na wifi, mguu wake umepona au bado anapanda ngazi kwa kulalamika? Mwanao Bonge bado anakataa kuvaa soksi? Sisi hapa tu wazima wa mwili. Roho yangu ndiyo haijatulia, na ndiyo maana nimefunga mlango nakuandikia badala ya kukupigia. Mama yuko chumba cha pili, ukuta ni mmoja, na maneno haya hayasemeki kwenye simu akiwa hapo. Anajua nakuandikia, hajui ninachoandika. Nikimaliza nitazipiga picha kurasa nikutumie.

Najua unachosubiri ni habari za paka. Uliniambia mengine niyaache, nikwambie tu karatasi zimekamilika. Hazijakamilika, Kaka, na safari ni Jumamosi hii inayokuja.

Nianze mwanzo usije ukaniona mzembe. Tulipokubaliana Mama ahamie kwako, na yeye akasema hatoi mguu bila paka wake wawili, Mwenye Nyumba na Kipusa, niliona ni jambo jepesi. Paka si ng'ombe. Nikawapeleka wakachanjwa chanjo ya kichaa cha mbwa, kama tunavyofanya kila mwaka mabwana mifugo wakipita mtaani. Mama akauliza kwa nini paka wenye akili zao wadungwe sindano ya wazimu wa mbwa. Tukacheka sana. Kumbe tumeharibu. Daktari wa mifugo akasema paka anawekwa chipu kwanza, kile kidude cha namba, kidogo kama punje ya mchele, kinachoingizwa chini ya ngozi ya shingo, ndipo achanjwe. Bila namba, huko kwenu watajuaje kwamba aliyechanjwa ndiye huyu aliyeshuka kwenye ndege? Nikamwambia Mwenye Nyumba, kwa unene ule, hana mwenzake duniani. Daktari hakucheka.

Basi tukaanza upya. Chipu, chanjo, kusubiri, kutoa damu ipelekwe maabara nje ya nchi kupimwa kama chanjo imeshika, kusubiri tena. Mwenye Nyumba alimkwaruza msaidizi wa daktari mpaka akafungwa bandeji. Halafu ndege. Ile uliyochagua wewe haipokei wanyama kabisa, na ya pili inawapokea lakini si pale Mama atakapobadilisha ndege. Mpaka ikapatikana ya tatu, nimekaa kwenye benchi la wakala wa mizigo hadi mlinzi wake akanizoea, siku hizi ananiita Mama Paka. Mama aliposikia kwamba paka watasafiri chini, karibu na masanduku, alisukuma sahani pembeni, hakula mchana wala jioni. Nilidhani ni huruma tu.

Baadaye yakaja mambo madogo madogo. Vile vizimba vya plastiki, daktari alisema viachwe wazi sebuleni na chakula kiwekwe humo, ili wazoee. Wamezoea vizuri mno, Kipusa sasa halali kwingine. Lakini kila nikirudi kutoka kazini mchana naikuta milango ya vizimba imefungwa, paka wamekaa nje wananitazama, na Mama ananiambia ni upepo. Milango ile ina komeo, Kaka. Upepo gani unaosukuma komeo?

Alhamisi ndiyo ilikuwa siku ya ukaguzi wa mwisho. Kile cheti cha afya ya paka hakitolewi mapema, lazima kiwe cha siku za karibu na safari. Niliomba ruhusa, nikarudi na teksi ikasubiri nje. Paka hawapo! Nikapekua chini ya vitanda, juu ya kabati, nyuma ya friji, nikapanda mpaka kwenye tangi la maji. Nyumba ikawa juu chini. Dereva akapiga honi, akapiga tena, akaenda zake.

Na Mama alikuwa jikoni anachambua mchele. Hakuinuka. Unamjua mwenyewe, Mwenye Nyumba akichelewa kidogo tu, Mama husimama mlangoni akamwita kwa majina yake yote, hata lile alilokuwa akimwita marehemu Baba. Siku hiyo hakuita hata mara moja. Hapo nikajua.

Nikavuka kwenda kwa jirani yetu, fundi cherehani. Hakuniuliza nataka nini. Alinifungulia tu chumba chake cha nyuma, nikawakuta wamelala juu ya vipande vya vitambaa, na mbele yao zile sahani za Mama za maua ambazo mimi na wewe hatujawahi kuruhusiwa kulia chakula.

"Usinifokee mwenzio," akasema. "Mama yako kaniomba niwafiche mpaka ndege ipite. Mtu mzima akikuomba kitu huku machozi yanamlengalenga, utamwambiaje?"

Nilirudi na hasira zangu, nimejiandaa kusema mengi. Nikamkuta bado yuko na mchele uleule, umeshakuwa mweupe, hauna cha kutolewa. Nikakaa chini nikamuuliza kwa nini.

"Kule nitazungumza na nani, mwanangu?"

Nikamwambia wewe upo, wifi yupo, wajukuu wapo.

"Wanatoka asubuhi wanarudi jioni. Kaka yako kaniambia mwenyewe, Mama usijali, utakuwa na paka wako. Mimi hapa nina watu. Niwaache watu nikakae na paka?"

Nikamuuliza, sasa mbona alikubali? Akasema, "Kaninunulia kitanda. Kanionyesha kwenye simu. Alivyofurahi vile, ningesemaje?" Halafu akaniambia, kwa sauti ndogo, kwamba alisema hatoki bila paka kwa sababu fundi alimhakikishia paka hawaruhusiwi kwenye ndege.

Miezi yote hii, Kaka, mimi na wewe tumekimbizana kutimiza sharti ambalo Mama aliliweka ili tushindwe.

Usidhani nasema haya kwa kuwa nataka abaki. Unajua nimeshapata uhamisho wa kikazi, na moyo wangu ulikuwa umeshafungasha. Akibaki, wa kubaki naye ni mimi. Imeniuma, na bado inaniuma. Nililia bafuni nikanawa uso nikatoka. Na wewe pia nakuonea huruma, wewe na hicho kitanda ulichokifunga kwa mikono yako.

Daktari ametupa nafasi nyingine Jumanne. Nikiwapeleka, cheti kitatoka, na Jumamosi Mama na paka wake watapanda ndege. Hatakataa. Amesema atafanya utakavyo, na hilo ndilo linalonitisha. Sitawapeleka mpaka unijibu. Mpigie, tafadhali, lakini usimwambie nimekwambia. Usimuulize habari za karatasi wala usimwonyeshe kitanda. Muulize anataka nini, kisha nyamaza umsikilize, wewe mwenye haraka ya kuwamalizia watu maneno.

Msalimie sana wifi, na Bonge umbusu kwa niaba ya shangazi yake. Fundi cherehani anakusalimu kwa aibu. Mungu awakinge na baridi ya huko, awape usingizi mwema, na atupe sote busara ya kutoumizana.

Mama naye anakusalimu. Nimemgongea ukuta sasa hivi, nikamuuliza nikuandikie nini kutoka kwake. Amesema nikwambie paka wanaumwa sana, hawawezi kusafiri.

Paka ni wazima, Kaka.

Mdogo wako anayekupenda hata ukikasirika,
Kitinda Mimba