Nusu Dakika ya Bibi

Jumamosi, 7 Juni
Sijawahi kumwambia mtu hili: sijui Kigogo, lugha ya kwetu. Kila tukifika kwa Bibi, Msalato, ananisalimia kwa Kigogo, kwa kirefu, ndipo ahamie Kiswahili. Mimi naitikia "mbukwa", nainamisha kichwa, natabasamu. Anadhani ni adabu. Mama pia. Nimesoma riwaya zote za maktaba ya shule na sielewi bibi yangu akisalimia anasema nini.

Leo nimemrekodi kwa simu ya Mama. Kwanza alitaka kilemba kipya.
"Ni sauti tu, Bibi. Hutaonekana."
"Hata kama. Naenda kwa watu."
Alisalimia dakika nne nzima.

Jumatatu, 9 Juni
Jarida letu la mtandaoni linaitwa Kope. Wahariri ni mimi na Rehema, ninayesoma naye. Kila kazi isizidi nusu dakika: picha, sauti, maneno machache. Rehema ameleta shangazi yake wa Kondoa akipepeta alizeti. Unaonekana ungo tu na mikono. Mwingine ameleta mvua kwenye bati. Mimi nina picha ya mlango wa Bibi na salamu yake.
"Bibi yako kavunja sheria, mhariri," alisema Rehema.
"Nitamkata."
"Wapi?"
"Panapojirudia."
Nilijuaje panajirudia?

Jumatano, 11 Juni
Nimekata. Inapendeza. Simu ya Mama ilikuwa imejaa, nikafuta faili refu.

Ijumaa, 13 Juni
Kope limefunguliwa! Nilituma kiungo kwenye kundi la darasa, nikaficha simu chini ya mto. Mtu akaandika: "Video fupi kama nyama ya kwenye pilau la shule." Wakacheka, lakini walifungua. Watu nisiowajua wameipenda sauti ya Bibi. Nimefurahi mno.

Jumamosi, 14 Juni
Nilimpelekea Bibi asikilize. Sauti ikaisha. Yeye akabaki na simu sikioni.
"Imezimika."
"Hapana Bibi, imeisha."
"Imeishaje? Sijafika kwako."
Mama akanieleza, akidhani sikusikiliza hadi mwisho. Bibi alikuwa anamjulia hali kila mmoja wetu kwa jina, akianza na wakubwa. Mimi ndiye mdogo. Nilikuwa wa mwisho.
Bibi alicheka. "Mjukuu wangu ana haraka kama bodaboda. Wiki ijayo nitasema upya."
Nami nikacheka. Nilitamani kujificha chini ya kigoda.

Alhamisi, 19 Juni
Bibi amepata kiharusi. Yuko hospitali. Upande wa kulia haufanyi kazi. Maneno hayatoki. Daktari anasema huenda yakarudi, huenda yasirudi.
Nimelitafuta lile faili kila mahali, hadi kwenye pipa la taka la simu. Tupu. Nililimwaga mwenyewe.
Kope lina wasomaji wapya. Sitaki kuwaona.

Jumapili, 22 Juni
Nilimwambia Mama yote: faili nililofuta, na Kigogo nisichokijua. Alikuwa anachambua mlenda. Mikono ikasimama.
"Kumbe miaka yote hii unaitikia nini?"
"Sauti yake."
Hakunigombeza. Bora angenigombeza. Baadaye alinivutia kigoda, akaanza kunifundisha salamu, neno kwa neno. Ulimi wangu mzito kama wa mgeni.

Alhamisi, 26 Juni
Bibi amerudishwa nyumbani. Hasemi. Nafanya mazoezi nikiosha vyombo. Mama ananisahihisha kutoka chumbani.

Jumamosi, 28 Juni
Upepo mkali, vumbi mpaka kwenye uji. Bibi amelala ubavu, kafunikwa kanga mbili. Nilikaa chini karibu na uso wake.
"Mbukwa, Bibi."
Kisha nikaendelea. Nilianza na wakubwa: kaka yake, baba mkubwa, Mama, wajomba, binamu. Baada ya kila jina nilinyamaza, kwa muda ambao angeutumia kujibu. Pengine nilikosea. Alinitazama muda wote. Nilipomaliza wote nikajitaja mwenyewe, kwamba nipo, sijambo. Vidole vya mkono wake wa kushoto vikashika sketi yangu.
Simu ilikuwa kwenye mkoba wa Mama.
Nilimnywesha uji kwa kijiko. Nikafua kilemba chake kipya, nikakianika. Tuliporudi kwetu Makole niliiondoa sauti yake kwenye Kope, nikaacha picha ya mlango. Rehema akauliza kwa nini. Nikamwandikia kwamba salamu haijaisha. Kisha nikampigia, nikamweleza yote.