Mchi Uliobaki Garini

Valentina shoga yangu, nicheke au nilie? Mkwe wangu Gasto amenichagulia mashine ya kukerezea mbao, na mchi wangu wa kinu hauingii!

Mimi nilitaka mashine ya bei nafuu ya kujifunzia, nikereze michi kama huu. Nikaubeba uwe kipimo. Tulipofika dukani hapa Eagan, Marekani, Gasto akaninong'oneza, "Mama, uuache garini. Wazungu watatuona washamba."

Washamba! Mtu aliyevaa suti kwenda kununua mashine ya mbao!

Muuzaji alituonyesha moja ndefu ya chuma kizito, imetumika, bei sawa na vile vidogo vipya. Gasto akaikunjia uso. Akachukua kimashine kipya kinachong'aa, eti chepesi, "kinamfaa Mama."

Chepesi kweli! Tumekiwasha sasa hivi kwenye gereji ya nyumbani na kipande cha gogo, kikacheza ngoma mezani mpaka Gasto akapanda juu ya boneti ya gari. "Mama, kizime! Kizime, Mama!" Nikachomoa waya taratibu, makusudi.

Kesho tunakirudisha, tuchukue ile nzito. Mchi utaingia dukani, Valentina, na atakayeubeba begani ni yeye, na suti yake.