Stabilaiza Uliyotuma kwa Jina Langu

Nyumbani,
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa kaka yangu,

Shikamoo. Natumaini baridi ya huko imepungua na kile kikohozi kimekuacha upumue. Wifi na watoto hawajambo? Huku mama anaendelea. Goti likimuuma anamlaumu aliyepanga viti, lisipomuuma anatafuta mwingine wa kulaumu. Mimi mwili uko sawa. Moyo ndio unaonifanya niandike, maana siku hizi kwenye simu mimi na wewe hatuzungumzi ila mama akiwa katikati yetu.

Nianze na namna nilivyoifunga ile stabilaiza, kwa kuwa hukuuliza. Unakumbuka gari la marehemu baba lilivyokuwa likilala kwenye kona, tairi la nje linakanyaga kwa ukingo, unageuza usukani huku pua inaendelea na safari yake. Ndiyo sababu nilikuomba stabilaiza nene ya mbele, kile chuma kinachounganisha magurudumu mawili gari lisilale upande. Ilipofika nilishinda chini ya gari. Bolti za kushoto zilikuwa zimeliwa na kutu, zikanichuna vidole. Bushi zake za mpira nilizipaka grisi zisije zikalia, na linki zinazoishikiza kwenye magurudumu sikuzikaza mpaka gari liliposimama kwa matairi yake, maana ukizikaza likiwa juu ya jeki zinabaki zimejikunja.

Nililipeleka kujaribu pale kwenye maegesho ambako hupangwa mashindano ya koni, kila dereva anapita peke yake na mwenye muda mfupi ndiye mshindi. Kaka, lilikata kona likiwa limesimama wima. Nilicheka peke yangu humo ndani. Barabarani ni habari nyingine: tairi la kushoto likiingia shimoni, la kulia nalo linapata taarifa. Mama alipanda mara moja tu, akasema nimeliharibu gari la mumewe.

Lakini asubuhi ya mashindano, gari hilohilo lililoharibika, alimpa mdogo wetu ufunguo wake. Mimi nilikuwa nimeshavaa viatu. Aliniambia kwa upole kabisa, "Mwache mwenzio aendeshe. Wewe umeshafanya kazi yako."

Basi nikaenda kama fundi. Nikapima upepo wa matairi, nikamshikia vitu vyake. Alishinda, na hilo simnyang'anyi, aliendesha vizuri. Alipopewa kipaza sauti alimshukuru mama, akamshukuru marehemu baba, akawashukuru marafiki zake, na kaka yake aliyetuma kifaa kutoka mbali. Nilikuwa nimesimama karibu naye kiasi cha kumgusa, koti lake mkononi mwangu.

Nilidhani wewe utasema. Ulipopiga simu kumpongeza, mama alikuuliza mbele yetu sote stabilaiza ulimtumia nani, kwa sababu nilikuwa nimesema ni yangu na nitaitoa. Wewe ukasema, "Jamani, msigombane. Ni ya wote."

Mdogo wetu alicheka. Mama aliendelea kukunja nguo. Kaka, boksi lilikuja na jina langu, kwa mwandiko wako. Najua ulitaka amani. Amani ya nyumba hii hupatikana kila mara kwa mimi kunyamaza, na wewe unalijua hilo kuliko yeyote.

Sikupiga kelele. Niliifungua, nikarudisha ile nyembamba ya zamani, na nikamwambia mdogo wetu waziwazi kabla hajashika usukani, asije akaumia kwa kutojua. Alidhani natania. Katika mashindano yaliyofuata aliangusha koni mpaka watazamaji wakaacha kucheka wakamwonea huruma. Tangu siku hiyo mama hanisemeshi. Akitaka chumvi mezani anamwomba mdogo wetu, naye ananiomba mimi.

Yule nesi wa nyumba ya jirani ana gari kama letu. Ile nene nilimfungia yeye. Uliposema ni ya wote, nikaona jirani naye ni mmoja wa hao wote. Siku hiyohiyo ya koni alipita zamu yake, akashuka, akaja moja kwa moja hadi niliposimama. Akaninyooshea ufunguo. "Fundi," alisema, "sasa zamu yako."

Nikaendesha. Muda wangu ulikuwa mfupi kuliko wa mtu yeyote uwanjani, na nimeupata katika gari la mtu baki. Mama alikuwa amebaki nyumbani. Mdogo wetu alikuwepo, lakini nilipomaliza nilimkuta ameinamia simu yake.

Nisalimie wifi, na watoto waambie shangazi yao anawakumbuka. Mama angekutumia salamu, ila sijui kama anajua kwamba nakuandikia, na sitamuuliza.

Mungu akulinde huko uliko, akuondolee kikohozi, na akupe ujasiri wa kutaja mtu kwa jina lake.

Ni mimi dada yako, akupendaye hata sasa, ingawa kwa taabu.