Kahawa ya Bwana Morita Ilivyopoa

Ibra, Jumanne

Kwa mdogo wangu mpenzi Hazim,

Assalamu alaykum warahmatullah. Natumai barua hii itakukuta mzima wa afya, umeshiba, na umevaa soksi mbili mbili kama Mama anavyotaka. Sisi huku hatujambo, alhamdulillah. Ba magoti yanamsumbua lakini ulimi wake mzima. Mama anakusalimu, na anauliza kama wali wa huko Japani unapikwa kwa nazi. Nimemwambia mara nyingi kuwa haupikwi, na kila nikimwambia anaguna kama aliyeletewa habari ya msiba.

Utashangaa kwa nini nakuandikia kwa kalamu na simu ninayo mkononi. Kwenye kundi letu la ukoo Ami Humaid anasoma kila kitu, na ujumbe ninaokuletea peke yako Mama hutaka nimsomee kwa sauti mbele ya kila aliyepo. Haya ya leo yakimfikia Ami, mimi itabidi nihamie jangwani. Kwa hiyo barua anakuletea bosi wako mwenyewe, Bwana Morita, pamoja na kopo la halwa. Halwa ikifika nusu, ujue aliyekula ni nani.

Unajua mambo yalivyokuwa. Tangu Idi, Ami alipokutafutia ile kazi ya hospitali huku, Ba alitoa neno mbele ya ndugu zake wote kwamba utaiacha hiyo timu ya mpira wa kikapu na kurudi Ibra kabla ya Ramadhani. Uliponipigia simu ukilia (usikatae, nilikusikia), nilimwendea Ba, akanijibu kuwa neno limeshatoka. Na lilitoka mbele ya Ami, ambaye hajawahi kuihama Ibra hata kwa mwezi, Kiswahili chenyewe amekiokota kwetu, na mpaka leo anatutazama sisi tuliorudi kutoka Unguja kama wageni wa kufundishwa ada. Nilikata tamaa, nikaanza kukusafishia chumba.

Basi Jumamosi Bwana Morita akaingia. Kwanza aliinama. Ba naye akainama. Ami akaona asipitwe, akainama zaidi, ikawa kila anayeinuka anamkuta mwenzake bado yuko chini. Kisha mgeni akatuamkia. Ba shikamoo, Ami shikamoo, mimi shikamoo, dereva wa teksi shikamoo. Hazim, ulipomfundisha ungemwambia na inavyotumika! Mama nyuma ya pazia alicheka mpaka akakaa chini.

Mimi niliitwa kwenye majlisi ya wageni kufasiri kwa kuwa mimi ndiye mwalimu wa Kiingereza, na Ba, tunavyomjua, Kiingereza chake ni yale maneno matatu manne aliyookota kambi ya mafuta. Bwana Morita akaanza kuhadithia. Alisema mji wenu wa Hoshizawa ulikuwa na kiwanda cha nguo, kikafungwa, vijana wakaondoka, na yeye muuza achari akaona mji unakufa mbele ya duka lake. Kusikia achari, Ba alikaa sawasawa. Mtu mwingine angehama. Yeye akaanzisha timu, Korongo wa Hoshizawa, ingawa maishani mwake hajawahi kudaka mpira. Ukumbi ulikuwa unavuja, na siku ya mechi ya kwanza ndoo za kukingia mvua zilikuwa nyingi kuliko watazamaji. Wachezaji mchana walikuwa wakisomesha shule na kupeleka mizigo, jioni wanakuja kufungwa. Walifungwa msimu mzima. Mabibi wa mji wakaanza kuja kwa kuwahurumia, na vyakula mkononi, huruma ikawa mazoea na mazoea yakawa wazimu. Sasa tikiti zinagombaniwa, ukumbi mpya umejengwa, na mwaka huu Korongo wamepanda daraja la kwanza.

Ami aliuliza kama hao wachezaji wameoa. Aliposikia wengi wameoa, akaridhika, akasema basi hiyo ni kazi.

Kisha Bwana Morita akaja kwako. Alisema nahodha alipoumia goti madaktari walimwambia mpira basi, na wewe ndiye uliyemkanda na kumfanyisha mazoezi mpaka akarudi uwanjani, kwa mafuta ya karafuu ya Mama. Anasema sasa ukumbi mzima unanukia karafuu na timu za wageni zinalalamika. Mama alipiga kigelegele nyuma ya pazia. Sikumfasiria mgeni, alielewa mwenyewe.

Sasa nije kwenye kahawa. Mgeni alikuwa amemiminiwa tangu alipokaa, akaiweka mbele yake na asiiguse. Kumbe kwao mgeni hanywi mpaka mwenyeji anywe, na Ba naye hawezi kunywa kabla ya mgeni, wakabaki kutazamana. Na ada ya hapa hujaisahau: mgeni akiiacha kahawa ipoe mbele yake, ana haja, na hainywi mpaka mwenye nyumba amkubalie. Ami ndiye aliyeona kwanza. Akamnong'oneza Ba kwa sauti iliyosikika mtaa wa pili: “Mgeni ana haja, ya akhi. Usituaibishe!” Ba akanyoosha kilemba, akamwambia Bwana Morita anywe kahawa yake, haja imekubaliwa, iwayo yote. Nikafasiri. Bwana Morita akashtuka, akafurahi, akasema kweli analo ombi moja dogo.

Ombi lenyewe ni picha. Katika ukumbi mpya kuna ukuta wa picha za wazazi wa kila aliyeijenga timu, na ya Ba tu ndiyo haipo, maana wewe kila ukiulizwa unasema kesho. Alikuja na kamera yake.

Hapa ndipo penye dhambi yangu, mdogo wangu. Wote walikuwa wananitazama mdomoni. Nikakufikiria ulivyolia kwenye simu, nikasema kwa Kiswahili safi kwamba Bwana Morita anaomba Hazim abaki Japani na timu. Astaghfirullah! Mimi ninayewakata wanafunzi alama kwa tafsiri mbovu! Ami uso ulimbadilika, lakini aliyesema tusiaibike ni yeye, akabaki kuzungusha tasbihi. Ba akasema sawa, atabaki. Halafu akainuka, akachukua bakora yake nzuri, akaenda kusimama mlangoni kupigwa picha. Mimi habari ya picha sikuwa nimemwambia. Nikadhani ameiona kamera.

Jana tulimpeleka mgeni Ras al Hadd akaone kasa. Wakati wa kurudi, tulipoipita Sur na mgeni amelala kiti cha nyuma, Ba aliniuliza kwa nini nilimzushia mgeni maneno. Aliniuliza kwa Kiingereza. Hazim, Kiingereza cha Ba ni kizuri kuliko changu! Akaniuliza kama miaka yote ile ya kambini nilidhani akizungumza na Waingereza kwa Kiswahili. Anasema asiyejulikana kuwa anaelewa husemewa mengi mbele yake. Nikakumbuka yote niliyowahi kuyasema kwenye simu yeye amekaa pembeni, nikatamani nishuke garini.

Nilimwomba radhi. Akasema radhi ya nini, kwani yeye aliona tangu mwanzo kuwa Bwana Morita anamngoja yeye tu anywe, naye Ba akaiacha kahawa ipoe makusudi, akitumaini haja yenyewe ni wewe ubaki. Lile neno lilikuwa limemkaa kooni tangu Idi na hakujua namna ya kulirudisha mbele ya Ami. Alisema alipoondoka kwao yeye, hakuna mtu aliyekwenda kumwomba baba yake picha. Waliokuja kutoka Japani kwa ajili ya picha ya baba wa mkandaji, kwao mwanawe yuko mahali pazuri.

Tukaendesha mpaka karibu na Al Kamil. Kisha akasema, kwa Kiingereza tena, nadhani kwa Kiswahili asingeweza, kwamba hamu yako haimwachi hata siku moja, na kwamba hiyo isiwe sababu ya wewe kurudi. Nililia, nikasingizia vumbi.

Basi kaa, Hazim. Mama anakubusu. Ami pia anakusalimu, ingawa kwa shingo upande. Wasalimie Korongo wote na mabibi zao wa vyakula. Na Ba akikupigia simu, mwambie wewe mwenyewe kuwa umemkumbuka, maana anangoja wewe uanze.

Wasalaam,
Dada yako akupendaye,
Rumaitha binti Khelef